Benchi Linalotazamana na Kioo

Kinyozi alikuwa na kisukari, na zahanati ilikuwa mbele ya duka lake, ng'ambo ya barabara nyembamba, karibu kiasi kwamba Sista, muuguzi wa pale, akipiga chafya kule ndani yeye humwambia "afya!" bila kupaza sauti. Vidonge alivyohitaji vilikuwa kabatini mle. Mashine ya kupima damu ilikuwepo. Hata foleni haikuwepo. Lakini kila zamu yake ya kliniki ilipofika, bwana huyu aliamka alfajiri, akaaga kwamba anakwenda mjini kununua nyembe, akapita mlango wa zahanati kichwa chini kama mwizi wa kuku, akapanda basi, akashuka, akapanda jingine, kisha akasimama kwenye foleni ya Hospitali Kuu mpaka miguu ikafa ganzi. Adhuhuri alipewa vidonge vilevile vilivyokuwa vikimsubiri mbele ya duka lake, akarudi navyo amevificha ndani ya soksi.

Mkewe alijua, na hakunyamaza. "Mtu anaruka mlango wa dawa kwenda kutafuta dawa," alikuwa akimwambia huku akimfungia mkate kwenye mfuko. "Na hizo nyembe unazonunua kila mwezi, mbona duka halijajaa?"

Kinyozi hakuwa mjinga, ingawa kwa mbali alifanana na mjinga. Alikuwa na sababu, na sababu yenyewe aliijenga kwa mdomo wake mwenyewe.

Ilikuwa hivi. Benchi la wagonjwa lilikaa barazani mwa zahanati, likitazama barabara. Duka la Kinyozi nalo lilitazama barabara, na kwenye ukuta wa ndani kabisa, mbele ya kiti cha kunyolea, palitundikwa kioo kikubwa. Mteja akishaketi na kufungwa shuka shingoni, alichokiona kiooni ni uso wake, na nyuma ya uso wake, kupitia mlango, benchi zima la zahanati na kila aliyelikalia.

"Yule naye kaja na nini leo?" mteja angeuliza.

Na Kinyozi, wembe mkononi, angegeuka, angetazama, angetoa jibu. Hakuwahi kusema hajui. Mtu akishika kiuno, ni figo. Akikohoa, mapafu yamekwisha. Fundi cherehani aliingia pale siku moja kutolewa mwiba kidoleni. Kabla ya jioni watu walikuwa wakimpelekea pole ya kukatwa mkono, na bibi harusi mmoja akaenda mbio kuchukua kitambaa chake kabla hakijashonwa kwa mguu. Kinyozi hakuwa na nia mbaya. Alipenda tu wateja wake wasichoke kukaa.

Kidogo kidogo benchi likaanza kukimbiwa. Mama mwenye mtoto wa kuchanjwa alikuja, mtu wa homa ya ghafla alikuja, maana homa haina aibu, inaingia na kutoka. Lakini ugonjwa wa kukaa nao, ule unaolala nawe na kuamka nawe, hakuna aliyethubutu kuuleta pale. Kisha ugonjwa wa namna hiyo ukamfikia Kinyozi mwenyewe, na hapo ndipo alipoona uzito wa kazi aliyoifanya.

Hebu fikiria. Kazi yake ni kuweka wembe kwenye koo la mtu. Mwenye kisukari, sukari ikimshuka, hutetemeka mikono. Nani atampa shingo? Pale kona kijana mmoja alikuwa tayari amefungua duka lenye feni na muziki, anamsubiri tu ateleze. Neno moja lingetosha, wateja wote wahamie kwenye feni. Na kubwa zaidi, Sista wa zahanati alikuwa shemeji yake, mke wa mdogo wake. Chochote atakachoambiwa mchana, Kinyozi aliamini, usiku kitalala na mdogo wake na asubuhi kitaamkia sokoni. Hakuwahi kumsikia Sista akitaja habari za mgonjwa yeyote, lakini hilo halikumtuliza hata kidogo. Aliona ni mtu anayeweka akiba.

Basi siku moja amesimama kwenye foleni yake kule Hospitali Kuu, akainua macho, akamwona Mwenyekiti wa mtaa. Yuleyule, kwa urefu wake na kofia yake, amekaa nje ya chumba cha presha, mkono mmoja wa shati umekunjwa tayari. Macho yao yakagongana. Hakuna aliyeweza kula kona.

"Aa! Kinyozi! Kumbe nyembe zinauzwa huku?"

"Nimepitia tu kumwona mgonjwa," alisema Kinyozi. "Na wewe, Mwenyekiti?"

"Mgonjwa," alisema Mwenyekiti, akiushusha mkono wa shati taratibu. "Na mimi nina mgonjwa."

"Anaendeleaje?"

"Hivyohivyo. Presha yake inapanda akikasirika. Wamemwambia apunguze chumvi, wapi, hasikii."

"Wa kwangu anapenda chai ya sukari. Namsema kila siku."

"Mwambie atakufa."

"Nitamwambia. Na wewe wako mwambie aache hasira."

"Nimeshamwambia!" alifoka Mwenyekiti, kisha akajishika kisogo.

Wakati huo mlango wa pembeni ukafunguliwa, akatoka Mama Mkaa, mwanamke aliyeuza mkaa nyuma ya zahanati tangu enzi na enzi. Mkononi alikuwa na kichupa cha dawa ya pumu, ile ya kuvuta. Alipowaona alisimama kama amemwagiwa maji.

"Ya mgonjwa wangu," alisema. Akakohoa, akakohoa tena, akakitia kichupa mdomoni, akavuta kwa nguvu, akafumba macho. "Naijaribu kama inafanya kazi."

"Inafanya?" aliuliza Mwenyekiti kwa heshima.

"Vizuri sana."

Walirudi kwa mabasi yaleyale, kila mtu kiti chake, wakitazama nje. Kuanzia siku hiyo mtaani ikazuka adabu mpya. Mama Mkaa akipita dukani angeuliza, "Mgonjwa wako hajambo?" na Kinyozi angejibu kwamba wamemwongezea dozi. Wengine nao, ambao Kinyozi hakuwahi kuwaona hospitalini, wakaanza kuwa na wagonjwa. Mtaa mzima ukawa na wagonjwa wasioonekana, wenye nidhamu mbovu ya chakula, na walezi wao wote wakiwa, asante Mungu, wazima wa afya.

Ndipo habari zikafika. Sista alimwita Mwenyekiti akamweleza kwamba wakubwa wa wilaya wameamua kufunga kliniki ya magonjwa sugu pale zahanati. Dawa zinaharibika kabatini, hakuna mtu. Yeye mwenyewe atahamishwa, na zahanati itabaki ya kufunguliwa siku za chanjo tu. Wageni watakuja kuangalia kwa macho yao, kisha basi.

Mtaa ukawaka moto. Watu walikumbushana nani alibeba tofali siku za kuijenga zahanati na nani alichota maji ya kuchanganyia saruji. Kinyozi mwenyewe alibeba fremu ya mlango kichwani, na kovu la fremu hiyo alilionyesha kila mtu aliyeketi kwenye kiti chake. Jioni walijazana dukani kwake kwa mkutano, wengine wamekalia ndoo.

"Ina kosa gani zahanati yetu?" aliuliza Mama Mkaa.

"Haina wagonjwa," alisema Mwenyekiti.

"Hilo tu?"

"Hilo tu. Na sisi wote tunajua mtaa huu hauna magonjwa ya namna hiyo." Alitazama kushoto na kulia, hakuna aliyepinga. "Lakini jamani, hatuwezi kunyang'anywa zahanati kwa kosa la kuwa na afya njema. Tutaigiza."

Mwalimu mstaafu, ambaye enzi zake aliongoza michezo ya kuigiza shuleni na tangu hapo hakupata mtu wa kumwongoza, alisimama palepale na kuvaa miwani. Akauliza nani atachukua ugonjwa gani. Mwenyekiti alidaka presha kabla swali halijaisha. Mama Mkaa akasema pumu hampi mtu. Magonjwa yakanyakuliwa kama nguo za mitumba, kila mtu akiukumbatia wake, mpaka ukabaki mmoja.

"Kisukari?" aliita Mwalimu. "Kisukari hakina mtu?"

Kinyozi akajitia hamnazo, akaanza kufagia nywele ambazo hazikuwepo.

"Mpe Kinyozi," alisema Mama Mkaa. "Mtu mwenyewe mzima kama chuma, hata akiigiza hakuna atakayemfikiria vibaya."

Akikataa, wataanza kujiuliza kwa nini. Akikubali, atakalia benchi lilelile alilolikimbia, na ugonjwa uleule. Alikubali kwa shingo upande.

Mazoezi yalifanyika palepale dukani, na yalikuwa makali. Kinyozi aliketi kwenye ndoo, akakunja uso, akaanza kulalamika tumbo.

"Mwenye sukari hakai hivyo!" sauti zikamvamia kutoka pande zote. "Vua kiatu, tazama vidole! Omba ruhusa ya kwenda msalani! Rudi! Omba tena! Na siku ya kupima huji na kitu tumboni, hata chai. Mwenye sukari huja mkavu."

"Nyie mmeyajulia wapi haya?" aliuliza Kinyozi.

"Tuna wagonjwa," walijibu kwa pamoja.

Mwenyekiti naye aliambiwa presha yake haina ukweli. Alipandwa na hasira, akafoka kwamba yeye si mtoto wa kufundishwa, kisha ghafla akanyamaza, akashika ukuta, akakaa chini akipumua kwa shida.

"Hapo!" alipiga kelele Mwalimu, akipiga makofi. "Hapo hapo! Sasa umeipata!"

Walipomaliza walimwendea Sista kumweleza kwamba siku hiyo asiwe na wasiwasi, wagonjwa watakuwepo. Alikuwa akifuta meza. Aliwatazama mmoja mmoja, bila kucheka, bila kuuliza. "Nashukuru sana," alisema. "Ila mimi nitawapima kweli. Mashine haijui kuigiza."

Siku ikafika. Alfajiri Kinyozi aliamka, na kwa mazoea, hata kabla hajafungua macho vizuri, mkono ukaingia chini ya godoro, ukatoa vidonge, akavimeza na maji kama kila siku. Mkewe alikuwa ameshaweka chai na mkate mezani.

"Sili," alisema Kinyozi. "Leo mimi ni mgonjwa wa kisukari."

Mkewe alisimama na birika mkononi. "Na siku nyingine huwa nani?"

"Wamesema niende mkavu. Mwalimu ana macho, atajua."

"Umekunywa dawa?"

Kinyozi alikuwa akitoka. Swali lilimfikia mlangoni, akalipuuza. Alikuwa anapitia maneno yake kichwani, asije akasahau kuomba ruhusa ya msalani.

Wageni walichelewa. Jua likapanda, likateremka kwenye baraza, benchi limejaa pomoni kwa mara ya kwanza tangu lichongwe. Mwenyekiti alishika kisogo. Mama Mkaa alikohoa kwa zamu. Mwalimu alizunguka nyuma yao akinong'ona maelekezo. Ng'ambo ya barabara duka la Kinyozi lilikuwa wazi na limejaa watazamaji, mmoja amekalia kiti cha kunyolea kabisa. Kinyozi hakuwahi kuliona duka lake kutoka upande ule. Aliona visogo vya watu, na juu ya visogo, ndani ya kioo, nyuso zao zote zinamtazama yeye, midomo inacheza. Hakusikia neno hata moja, na hakuhitaji, maana maneno yale aliyafundisha yeye. Aliona aibu. Haikuwa aibu ya ugonjwa. Alimkumbuka fundi cherehani, na mwiba wake.

Wageni waliposhuka kwenye gari, bwana mmoja mwenye tai na mama mmoja mwenye simu ya kupiga picha, Kinyozi tayari alikuwa anasikia midomo ikimchonyota. Magoti yalianza kucheza. Jasho la baridi lilimtoka mgongoni, na jua kali lote lile. Bwana wa tai akaanza hotuba. Kinyozi aliijua hali hiyo vizuri; dukani ikimjia, huweka wembe chini, hujifanya anatafuta taulo nyuma ya pazia, na huko hutafuna peremende mbili tatu mpaka dunia itulie. Akaingiza mkono mfukoni. Peremende zilikuwa kwenye suruali ya kazi, na leo alivaa ya kutokea.

"Mama Mkaa," alinong'ona. "Niombee soda pale." Muuza soda alikuwa hatua chache tu, anawauzia watazamaji.

"Soda!" Mama Mkaa alimpiga kofi la mkono. "Una sukari wewe leo!"

Bwana wa tai alisikia, akafurahi sana. "Mmeona? Wagonjwa wa hapa wameelimika. Wanakumbushana!" Mama wa simu akapiga picha.

Kinyozi akasimama, au alijaribu. Akajikokota kumfuata muuza soda, lakini Mwalimu akamwahi, akamshika bega na kumrudisha kwenye benchi. "Umezidisha," alimnong'oneza. "Punguza hiyo mitetemeko, utatuharibia. Lakini jasho ni zuri, sijui umefanyaje."

"Mwalimu, siigizi."

"Vizuri. Jiambie hivyohivyo."

"Nina sukari! Ya kweli!" Sasa alipaza sauti, ulimi mzito. "Jamani, nina kisukari miaka nenda rudi! Nanunua nyembe Hospitali Kuu! Naficha vidonge kwenye soksi! Nakufa!"

Ng'ambo ya barabara duka zima likalipuka kwa makofi. Mtu akapiga mluzi. "Kumbe Kinyozi ana kipaji!" alisema Mwenyekiti kwa wivu, na akaongeza kushika kisogo. Siri ambayo Kinyozi aliivusha mji mzima kwa mabasi mawili, akaifungia ndani ya soksi, leo aliimwaga barabarani bure, na hakuna hata mmoja aliyeiokota. Mbele ya macho yake kioo cha duka lake kikaanza kugawanyika vipande viwili, vitatu. Akajua kwamba atakufa pale, akishangiliwa.

Mlango wa zahanati ukafunguliwa. Sista hakumtazama mgeni, hakumtazama Mwalimu. Alipita katikati yao, akamtia Kinyozi mkono kwapani, akamwinua, akamwingiza ndani, akafunga mlango kwa kisigino. Kikombe kilikuwa tayari mezani. Alimchoma kidole, akaitazama mashine, na hata kabla hajaiweka chini alikuwa ameshamtia kikombe mdomoni. Ilikuwa glukosi kwenye maji, tamu kupita kiasi. Kinyozi alikunywa kama mtoto, nyingine ikimtiririka kidevuni. Kisha akapewa kipande cha mkate, akaambiwa atafune taratibu.

Dunia ilirudi polepole, kwanza meza, kisha dirisha, kisha uso wa shemeji yake.

"Umemeza vidonge halafu hukula," alisema Sista.

"Umejuaje kama nameza vidonge?"

"Shemeji, dirisha hili linatazama duka lako. Nakuona ukiweka wembe chini. Nakuona ukienda nyuma ya pazia. Ukirudi, shavu limevimba peremende."

Kinyozi akameza mate. "Umeona tangu lini?"

"Tangu ulipoanza kununua nyembe mjini." Alivuta droo. Ndani mlikuwa na pakiti ya glukosi iliyofunguliwa sasa hivi, na nyingine nyuma yake haijaguswa. "Hizi ni zako. Zikikaribia kuharibika nazitoa, naweka mpya. Nilijua kuna siku utaanguka, nikasema heri uangukie karibu."

"Na mdogo wangu?"

"Mdogo wako anajua kwamba nafanya kazi zahanati. Basi. Habari za wagonjwa wangu haziingii nyumbani kwangu."

"Lakini mimi sikuwa mgonjwa wako."

"Ulikuwa," alisema Sista. "Wewe tu ndiye hukuwa na habari."

Kinyozi aliinamia kikombe, akalia. Hakulia kwa ajili ya kisukari. Alilia kwa sababu miaka yote hiyo alikuwa akimwogopa mtu mmoja pekee mtaani ambaye hakupaswa kuogopwa, na alimwogopa kwa kuwa alimpima kwa mdomo wake mwenyewe. Sista alimwacha alie, akapanga pamba zake.

Alipotulia, mazoea yakamrudia. Hakuweza kujizuia. Alitupa jicho mlangoni, akashusha sauti. "Eti shemeji. Na Mwenyekiti je? Ile presha yake ni maigizo kweli, au na yeye..."

Sista hakuacha kupanga pamba.

"Mwenyekiti yupi?" aliuliza.

Kinyozi alisubiri atabasamu, hakutabasamu. Sista alimtazama tu kwa upole, kama mtu ambaye kweli hajawahi kusikia kwamba mtaa una mwenyekiti.

Nje mambo yalikuwa mazuri mno. Bwana wa tai alisema hajapata kuona wagonjwa wenye mwamko kiasi kile. Kliniki haifungwi ng'o, na Sista hahamishwi. Ila watarudi, alisema akipanda gari, na safari nyingine watakuja bila kutoa taarifa.

Neno hilo la mwisho ndilo lililoleta balaa. Kama wanaweza kuja wakati wowote, alieleza Mwenyekiti, basi lazima benchi liwe na watu wakati wowote. Mazoezi yaendelee. Basi kila siku ya kliniki waigizaji wakaja, wakapimwa ili ionekane kweli, wakapewa dawa ili ionekane kweli, wakazimeza ili ionekane kweli. Mama Mkaa akaacha kukohoa, Mwalimu akamgombeza kwamba anaharibu nafasi yake, kisha Mwalimu mwenyewe akaja asubuhi moja kuomba kuigiza ugonjwa wa macho. Kule Hospitali Kuu lazima walishangaa foleni yao imepungua.

Kinyozi naye alikwenda, hakuna aliyemshuku. Walimsifu tu kwamba anaipenda sanaa. Siri yake ilikuwa salama kuliko wakati wowote, na angeweza kuishia hapo. Lakini kila alipokaa kwenye lile benchi aliona visogo na nyuso, na hakupata raha. Siku moja alipanda juu ya kiti cha kunyolea, akakishusha kile kioo, akakitundika ukuta wa pembeni, kiti akakigeuza kikifuate. Wateja walilalamika sana. Walisema sasa hawaoni kitu ila sura zao.

Mwenyekiti alikuwa miongoni mwa waliolalamika. Aliketi, akafungwa shuka, akajitazama, akakunja uso. Kinyozi alimpaka povu kidevuni mpaka kooni. Akafungua wembe. Kisha akasimama nao hewani, na roho ikamwambia ni leo au basi, na huyu akiinuka akaenda kwenye feni, mtaa mzima utamfuata.

"Mwenyekiti, kabla sijaanza. Siku ile ya wageni sikuigiza."

Kiooni macho ya Mwenyekiti yalihamia kwenye wembe.

"Una maana mgonjwa wako..."

"Sina mgonjwa. Ni mimi. Sukari ikishuka mkono unatetemeka. Ikianza naijua, naweka wembe chini. Lakini nimeona ujue, shingo ni yako."

Mwenyekiti aliutazama uso wake kwenye kioo kwa muda mrefu, nao uso, kwa kuwa hapakuwa na benchi nyuma yake, ukamtazama yeye. Macho yake yakajaa maji, pengine ni povu.

"Umekula asubuhi?" aliuliza mwishowe.

"Nimekula."

"Umeshiba?"

"Nimeshiba."

Mwenyekiti akaegemeza kichwa nyuma, koo likawa wazi. "Basi nyoa," alisema. "Ila taratibu hapo shingoni. Nina presha."

Kinyozi akanyoa, na mkono haukucheza. Mwenyekiti alipotoka, muuza soda, aliyekuwa akisubiri zamu yake nje, aliingia na kujitupa kitini.

"Mbona Mwenyekiti katoka na macho mekundu? Mlikuwa mnaongea nini? Anaumwa?"

Ulimi wa Kinyozi ulimwasha, kweli ulimwasha, maana haikuwa tabia ya siku moja. Alikung'uta shuka, akamfunga shingoni, akakaza.

"Mwenyekiti yupi?" alisema.